Mgongo Mmoja, Majina Mawili

Saa moja na dakika arobaini za asubuhi, CT Jacques alifuta ubao kwa kipande cha godoro, akakung'uta vumbi la chaki kwenye shati ambalo mkewe Kahambu alilipiga pasi huko Butembo, kisha akaanza kuandika masharti ya kozi. CT maana yake ni chef de travaux, cheo kilicho chini kidogo ya profesa, lakini wanafunzi walimwita Prof naye hakukataa. Kozi ilikuwa Takwimu za Biashara, mwaka wa pili, saa arobaini na tano. Darasa lilikuwa chumba cha kukodi pale Bihambwe, kilichopakana ukuta mmoja na mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwaka, watu wa safu ya nyuma walisoma midomo ya mwalimu, na wengine walikuwa na maksi nzuri kwa njia hiyo.

CT Jacques huja mara moja kwa mwaka, kwa pikipiki, anafundisha wiki mbili, anaondoka. Hana muda wa kusikiliza hadithi za watu. Kwa hiyo hadithi zote zinazoweza kutokea alikuwa amezimaliza kwa masharti saba. Mlango unafungwa saa mbili kamili, kwa kufuli. Ukikosa mara tatu, jina lako linatoka kwenye listi na mtihani huoni. Simu ikilia, inalala kwa mwalimu mpaka Jumamosi. Kikokotozi hakiazimwi katikati ya mtihani, hata kwa mchumba. Kazi ya vitendo, yaani TP, ni ya kwenda nje kupima kitu chochote, vipimo visipungue thelathini, kutafuta wastani na ekaritipe, na kuchora mchoro. TP huandikwa kwa penseli, na siku ya kuitoa unapitisha wino juu yake. Sharti la saba lilisema hivi: thamani yoyote iliyo mbali na wastani kupita ekaritipe tatu, iondolewe.

Ekaritipe, yaani kipimo cha kutawanyika kwa namba, aliieleza kwa mbuzi. Mbuzi wakilala karibu na mwenye kuwachunga, ekaritipe ni ndogo. Wakitawanyika mpaka kwenye maharage ya watu, ekaritipe ni kubwa, na kesi nayo ni kubwa. Darasa zima lilielewa siku ileile.

Madhara ya sharti la saba yalijulikana. Jérémie, aliyetoka Pinga na pikipiki iliyojaa matenga ya kuku, alipima kuku thelathini na mmoja, akaondoa tetea mmoja wa kilo nne na nusu. Tangu hapo tetea yule anataga kila siku, na kila siku Jérémie akihesabu mayai anapata sifuri. Anayakaanga, anakula, anashiba, lakini kuyahesabu haiwezekani. Alimweleza mwalimu, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ndiyo maana ya kuondolewa.

Sasa, Euphrasie. Huyu alikuwa na miaka ishirini na mbili na kozi hii alikuwa anairudia. Kuisoma mara ya tatu hakuruhusiwi, unarudi nyumbani na vitabu vyako. Wiki ya kwanza barabara ya matope ilimshika mara mbili: siku moja alifika saa mbili na dakika mbili, siku nyingine na dakika tano, akakuta kufuli, akasikilizia somo dirishani huku mvua ikimnyeshea. Hizo zilihesabiwa kukosa mara mbili. Ilibaki moja tu, na Euphrasie aliilinda kama mtu anayebeba maji kwenye viganja.

Jumatatu ya wiki ya pili haikuwa na somo, ilikuwa siku ya TP, naye alikwenda kupima mizigo. Depo iko hatua mia mbili kutoka darasani, ina mizani ya sahani, na wabebaji wanashuka hapo kutwa nzima kutoka vilima vya Rubaya na magunia ya madini mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akasimama na daftari, akaandika kila mgongo ulivyofika. Thelathini na mbili. Ishirini na nane. Thelathini na tano. Mgongo wa kumi na saba ulikuwa wa Mama Verdiane: kilo sabini na nne.

Mama Verdiane alikuwa amebeba magunia mawili, na hilo halikumshangaza mtu pale. Kundi la wabebaji lina sheria yake, imeandikwa kwa makaa kwenye mlango wa depo: anayekosa siku tatu mfululizo, jina linatoka, anaingia mwingine, na wengine wanaongoja ni wengi kweli. Lakini mgonjwa ana haki moja. Mtu wa nyumba yake akimletea gunia lake, linaandikwa kwa jina lake, na nafasi yake inabaki. Omer, mume wa Verdiane, aliangukiwa na jiwe mguuni miezi miwili iliyopita. Kwa hiyo kila asubuhi Verdiane alibeba gunia lake, kilo thelathini na saba, na gunia la Omer, kilo thelathini na saba, akateremka.

Jioni Euphrasie alichora mchoro wake. Migongo ishirini na tisa ilikaa vizuri, kilima kizuri cha duara, wastani kilo thelathini na mbili. Halafu pembeni kabisa, mbali, kidoti kimoja peke yake. Alipiga hesabu mara mbili, akitumaini amekosea. Hakukosea. Akasoma sharti la saba, akachukua ufutio, akafuta mstari wa kumi na saba, akasahau kwamba vipimo visipungue thelathini. Penseli ilikuwa laini na karatasi haikubaki na alama.

Kesho yake Mama Verdiane alifika kwenye depo saa tatu, kama kawaida.

"Jambo, Papa Thierry."

"Jambo, Mama Verdiane. Muguu ya Omer iko namna gani?"

"Inaanza kukanyaga kidogo."

Thierry ndiye mwandishi wa depo. Alimsaidia kushusha magunia kwenye mizani, na mshale ukabaki kwenye sifuri. Thierry aligonga kioo. Akapanda yeye mwenyewe, mizani ikasema sitini na tisa. Akashuka, akarudisha magunia, sifuri.

"Mama, ninakuona," alisema Thierry. "Na magunia ninayaona, ninayashika na mukono. Lakini mizani haikuoni, na mimi ninaandika ile mizani inasema."

"Basi andika kama nilifika."

Thierry alijaribu, kwa kweli alijaribu, kwa sababu si mtu mbaya. Kalamu ilikauka kwenye neno alifika mbele ya jina lake, ikaandika vizuri kwenye jina lililofuata. Akaandika alichoweza: Verdiane, hakuja. Omer, hakuja. Gunia lisiloandikwa haliruhusiwi kulala kwenye depo, kwa hiyo Mama Verdiane alifunga kamba, akainama, akapandisha kilo zake sabini na nne mpaka Rubaya. Jumatano akateremka nazo tena, akapandisha tena. Alikasirika, na hasira yake aliisema wazi kwa kila aliyekutana naye njiani, nao wakamwambia pole.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomfurahisha. Kati ya Rubaya na Bihambwe kuna kamba iliyofungwa barabarani, na wenye kamba huhesabu watu. Kila mtu anaacha kopo moja la mchanga wa madini kutoka gunia lake, halafu kamba inashushwa. Siku hizo mbili walihesabu walio mbele yake, wakahesabu walio nyuma yake, na yeye akaruka kamba akaenda zake. Wabebaji wawili walimfuata wakimbembeleza awaeleze hiyo kitu inapatikana wapi.

"Mukitaka, chukueni yote," aliwajibu. "Na depo haitawaona vilevile."

Wakafikiri kidogo, wakaacha.

Jumatano alasiri Omer, aliyelala na mguu juu ya mto wa majani, ndiye aliyeuliza swali lililofaa, na kwao "njo" ni "ndiye" au "ndiyo".

"Nani njo alikuhesabu mwisho?"

"Ule binti wa daftari. Ule anasoma karibu na mashini ya mahindi."

"Basi kesho muulize yeye. Kesho njo siku ya tatu."

Mama Verdiane alijua hiyo ni siku gani. Kesho saa sita depo ingefunga kitabu, na majina mawili yangetoka kwa mstari mmoja.

Alhamisi alifika darasani saa mbili na dakika kumi na magunia yake mgongoni. Kufuli lilikuwa limefungwa. CT Jacques alikwenda dirishani, akamtazama, akatazama listi ya wanafunzi, akatazama listi ya waliokosa.

"Mama, uko ku listi yoyote?"

"Siko ku listi ata moja. Njo sababu nimekuja."

"Basi haukuchelewa," alisema CT Jacques, akafungua. Mtu wa masharti ni mtu wa masharti. Akafunga tena nyuma yake. Mama Verdiane alishusha magunia chini ya ubao na kukaa benchi ya mbele, kati ya Jérémie na msichana mmoja aliyesogea. CT akahesabu darasa: ishirini na wanne. Mabenchi yalikuwa na watu ishirini na watano, na hesabu ilikuwa sahihi.

Euphrasie alikuwa amekwisha kuelewa. Aliona aibu. Alisimama, daftari mkononi.

"Mama Verdiane, ni mimi nilikufuta, wewe na kilo zako sabini na nne."

"Juu ya nini? Nilikukosea wapi?"

"Haukunikosea. Uko mbali."

"Mbali na nini? Niko hapa, magoti yangu inagusa ubao."

"Mbali na wastani," alisema CT Jacques, akitazama daftari la Euphrasie, kwa upole kabisa, kwa sababu swali lilikuwa ndani ya programu. "Mama, huyu binti alipima migongo. Wastani anabeba kilo thelathini na mbili. Mtu akizidi kilo arobaini na nne, anakuwa mbali sana, anaharibu mchoro. Wewe una sabini na nne."

"Huyu Wastani, ni mutoto ya nani?"

"Si mtu, Mama."

"Anapitia njia gani? Mimi ninajua wabebaji wote."

"Hakuna mtu kama huyo. Ni hesabu."

Mama Verdiane alilipanga hilo kichwani.

"Kumbe," alisema, "muntu ule haiko, njo amenitoa mimi mwenye niko."

Mashine ya mahindi ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata safu ya nyuma walisikia. CT Jacques aliandika sentensi hiyo kwenye daftari lake dogo. Baadaye aliitumia Goma na Beni kama mfano.

Euphrasie aliomba arudishe sabini na nne kama ilivyokuwa. CT akatikisa kichwa. Sharti la saba halina mlango wa nyuma. Akirudisha, TP inapata sifuri, na mwenye TP ya sifuri haingii kwenye mtihani. Asiporudisha, ana migongo ishirini na tisa, na sharti linasema visipungue thelathini. TP zinakusanywa saa nne. Kutoka nje kwenda kupima mgongo mwingine ni kukosa mara ya tatu. Aliyasema hayo yote bila ubaya, akihesabu kwa vidole, kama daktari anayekueleza dawa zilizokwisha.

"Nipunguze basi," alisema Mama Verdiane. "Niache gunia moja?"

"Ukiacha moja una thelathini na saba. Ni vizuri sana, thelathini na saba."

"Na Omer?"

CT Jacques akatazama listi: Omer hakuwa kwenye kozi. Mama Verdiane akageuka kwa Euphrasie.

"Mutoto yangu, pale depo Thierry anaandika namna gani? Anaandika majina. Gunia hii ya Verdiane, gunia hii ya Omer. Wewe uliandika nini?"

"Migongo."

"Njo kosa yako. Andika majina. Verdiane thelathini na saba, Omer thelathini na saba. Utapata watu wawili, na hakuna mwenye iko mbali."

CT Jacques aliweka chaki chini. Alifurahi waziwazi. Akasema kwamba hiyo ni sura ya kwanza ya kozi, kitengo cha takwimu, ambayo wanafunzi huiruka kila mwaka: kabla ya kupima, sema unapima nini, jina au mgongo. Vyote viwili vinaruhusiwa. Kwa majina, binti angekuwa na vipimo thelathini na kimoja, wastani thelathini na mbili nukta tatu, na kilima kizuri.

Lakini Euphrasie hakukaa. Kwenye ukuta wa depo kulikuwa na tangazo, naye alilisoma Jumatatu akingoja migongo. Mkuu wa depo aliahidi chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mizigo barabara zote za Kivu, kwa kila mbebaji atakayethibitika kubeba zaidi ya kilo hamsini. Alikuwa anangoja tu namba za mtu aliyesoma.

"Mama, tukiandika majina, sabini na nne inapotea," alisema. "Hakuna mwenye ataiona. Chukudu hautapewa."

"Chukudu itakuja lini?"

"Sijui. Wakishasoma TP."

"Na kitabu ya Thierry inafungwa lini?"

"Saa sita."

"Andika majina," alisema Mama Verdiane. "Ile sabini na nne haitapotea. Ninajua kwenye iko."

Euphrasie aliandika. Anasema mpaka leo kwamba alimwandikia Mama Verdiane na alijiandikia yeye pia, na hajui nani zaidi. Mstari wa kumi na saba: Verdiane, 37. Mstari wa thelathini na moja: Omer, 37. Akapitisha wino. Saa nne CT alikusanya TP, akafungua kufuli, na Mama Verdiane akaomba wanafunzi wawili wamwinulie kamba mpaka pajini.

Pale depo mizani ilisema thelathini na saba kabla hata gunia la pili halijashuka. Lilipowekwa la pili, Thierry akaona mshale unarudi mwanzo na kupanda tena mpaka thelathini na saba, wa mtu mwingine. Kalamu iliandika bila shida. Verdiane, alifika. Omer, alifika. Thierry, ambaye ni mtu wa adabu, alisalimia pembeni ya Mama Verdiane, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akauliza mguu uko namna gani.

Euphrasie alipata tisa juu ya kumi kwenye TP, na kozi akaimaliza. CT Jacques aliondoka Jumapili baada ya misa, mchoro wa kilima ukiwa kwenye mkoba wake. Nakala moja mkuu wa depo aliibandika ukutani, na wageni waliovaa vizibao vyenye mifuko mingi walikuja kuipiga picha. Waliandika kwamba Bihambwe mzigo ni wa wastani na hakuna anayezidi kilo arobaini. Tangazo la chukudu liliondolewa kwa sababu hakukuwa na wa kupewa. Hakuna aliyedanganya. Namba zote zilikuwa sahihi.

Omer bado amelala Rubaya, mguu unakanyaga kidogo. Lakini tangu Alhamisi ile, barabara ikiwa na matope, nyayo za jozi mbili huteremka asubuhi. Euphrasie, ambaye sasa anamsaidia Thierry kuandika, alikwenda kuziona mwenyewe. Jozi moja imezama mpaka vifundoni. Jozi ya pili, ya mwanamume, inapita pembeni juujuu, ya mtu asiyebeba kitu, na mahali pengine inasimama kungoja.

Alimkuta Mama Verdiane amepumzika juu ya jiwe, kamba bado pajini.

"Anakusindikiza," alisema Euphrasie.

"Ananisindikiza. Ni vizuri kuwa na muntu ku njia."

"Na muzigo, Mama?"

"Muzigo haikusoma ile kozi."

Walicheka wote wawili, Mama Verdiane kidogo zaidi, mpaka kamba ikamteleza na ikabidi Euphrasie amsaidie kuirudisha. Kisha Mama Verdiane akainuka na magunia yake mawili, akateremka mpaka kwenye kamba ya barabarani. Wenye kamba walimtazama, wakahesabu watu wawili, wakachukua makopo mawili.